DaVinci Resolve ya bure: nimeipima kwenye rangi zinazotembea

Naanza na jibu, ili asiye na bando la kusoma mpaka chini asipate hasara. Kama unataka rangi za video zibadilike zenyewe huku picha ikiendelea, toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, linatosha, na kwenye kazi hii linazipita programu nyingi za kulipia. Shida yake ni moja: lina vyumba viwili, Color na Fusion, vinavyofanya kazi hiyohiyo na havisikilizani. Ukiingia chumba cha pili kabla hujakizoea cha kwanza, utaichukia programu nzima kwa kuionea.

Mimi nahariri video hapa Tandika, Temeke. Wateja wangu wakubwa ni vijana wa singeli, wakifuatiwa na kamati za send-off na wapambaji wanaotaka video za kutangazia kazi zao. Vijana wa singeli wana oda yao moja: "Dada, rangi zitembee." Maana yake kijora cha mcheza shoo kianze njano, kiende kijani, kiingie bluu, kirudi, na sura za watu zibaki sura za watu. Wapambaji nao wana lao. Ukumbi ulipambwa pinki, sasa wanataka bibi harusi ajaye auone kwa zambarau na kwa dhahabu bila mtu kupanda ngazi.

Mashine yangu ni laptop ya mtumba kutoka Kariakoo, Windows, RAM GB 16, kadi ya picha ya GB 4. Naitaja kwa sababu tathmini nyingi za programu hii zinaandikwa na watu wenye kompyuta za bei ya kiwanja, halafu sisi tunasoma, tunapakua, tunalia.

Kidogo historia, maana ndiyo inayoeleza vile vyumba viwili. DaVinci ilizaliwa Florida, Marekani, miaka ya 1980, ikiwa mtambo wa kusahihisha rangi za filamu. Ulikuwa mtambo wa maabara kubwa, bei yake mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2009 kampuni ya Australia iitwayo Blackmagic Design ikanunua kila kitu, na 2011 ikaanza kutoa toleo la bure. Fusion nayo ilikuwa programu ya watu wengine kabisa, kampuni ya Kanada iliyokuwa ikiiuza kwa mafundi wa athari za filamu. Blackmagic wakainunua 2014, na 2018, kwenye toleo la 15, wakaiingiza ndani ya Resolve kama ukurasa. Kwa hiyo ukurasa wa Color umejengwa na watu wa rangi, ukurasa wa Fusion umejengwa na watu wa athari, na wewe mhariri wa Tandika unakaa katikati ukiwasuluhisha.

Twende ukurasa wa Color kwanza. Chini kushoto kuna magurudumu ya rangi, na kwenye safu ya chini ya paneli ile kuna kitelezi kimeandikwa Hue. Kinaanzia 50. Ukikisogeza, rangi zote za picha zinazunguka pamoja: nyekundu inahama, kijani inahama, kila moja inachukua nafasi ya jirani yake. Ukitaka mzunguko ujiendeshe, unaweka vifremu, yaani zile nukta za almasi zinazoiambia programu "hapa Hue iwe 50, pale iwe 80", na yenyewe inajaza katikati. Mpaka hapo ni rahisi, hata mdogo wangu wa kidato cha pili anaweza.

Kazi inaanza unapotaka kitu kimoja tu kibadilike. Ukizungusha picha nzima, msanii anageuka kijani usoni, na nimeziona video nyingi mtandaoni zilizoachwa hivyohivyo na kupewa jina la ubunifu. Resolve ina kifaa kiitwacho Qualifier. Unabonyeza rangi unayoitaka kwenye picha, na programu inachagua kila kilicho na rangi hiyo. Nikibonyeza kijora cha njano, kinachaguliwa kijora, lakini pia bangili za dhahabu, ukuta uliopigwa na taa ya kibarazani, bajaji inayopita nyuma, na nusu ya mkono wa mcheza shoo. Mkono ndio wenye kesi. Ngozi zetu kwenye kipimo cha rangi zinaangukia kati ya nyekundu na njano, jirani kabisa na hicho kijora. Ile chati ya mviringo ndani ya Resolve ina mstari wa kuonyesha ngozi, na ukiuwasha utaona mweusi wa makaa na maji ya kunde wote wanaangukia karibu na mstari uleule, kwa sababu damu na melanini zinatoa rangi ya familia moja. Wanachotofautiana sana ni mwangaza. Kwa hiyo usihangaike kutenganisha ngozi na nguo kwa mwangaza. Kaza upana wa rangi kwenye Qualifier, chora dirisha kuanzia shingoni kushuka, kisha iambie programu ilifuatilie dirisha hilo mcheza shoo anapozunguka. Ufuatiliaji wake ni mzuri mno. Kwenye singeli, ambako kiuno hakitulii, bado unashika vizuri kuliko nilivyotarajia kwa kitu cha bure.

Halafu kuna jambo dogo linalotofautisha kazi safi na kazi ya haraka. Kijora cha njano chini ya taa kali kinarusha njano yake kwenye kidevu na ndani ya mikono. Ukisafisha uchaguzi wako mpaka nguo tu ndiyo ibadilike, unapata kijora cha bluu kinachomulika kidevu kwa njano. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila ataona kuna uongo. Mimi huwa naacha kingo za uchaguzi zilainike kidogo, ile rangi iliyodondokea kidevuni nayo igeuke kidogo. Macho yanatulia.

Na usimwahidi mteja bluu yenye mwanga wa njano, haipo. Kwenye kiwango cha video ya HD, kijani inabeba asilimia 72 hivi ya mwangaza tunaouona, nyekundu 21, bluu 7 tu. Njano ni nyekundu na kijani pamoja, yaani 93. Ukitoka njano kwenda bluu, ama kijora kinazama gizani, ama kinapauka. Kwa hiyo pamoja na vifremu vya Hue weka na vya mwangaza na vya ukolezi, upandishe kidogo pale bluu inapofika. Kama unaweza kumshauri mteja kabla ya kushuti, mwambie avae nyekundu au pinki iliyokolea, maana safari yake ya rangi haina bonde refu hivyo.

Sasa lawama yangu ya kwanza. Kitelezi cha Hue kina mwisho, 0 huku na 100 kule. Rangi ni duara, haina mwanzo wala mwisho, lakini hawa wamelikata duara na kulinyoosha. Ukitaka mzunguko kamili usiokatika, unapanda kutoka 50 hadi 100, kisha fremu inayofuata, yaani picha moja tu mbele, unaruka hadi 0, ambayo ni rangi ileile ya 100, halafu unapanda tena hadi 50. Ukisahau kulibana ruko hilo ndani ya fremu moja, programu inarudi taratibu kutoka 100 hadi 0 na rangi zote zinakimbia kinyumenyume. Premiere Pro ina athari ya zamani ya kusawazisha rangi ambamo Hue ni pembe, unaizungusha kadiri upendavyo na haikuulizi. Kwa programu iliyozaliwa kwa ajili ya rangi, kukosa pembe hapo ni aibu ndogo.

Lawama ya pili ina dawa. Vifremu vya ukurasa wa Color vinakaa kwenye klipu, siyo kwenye wimbo. Video ya singeli inakatwakatwa kila sekunde, kwa hiyo mzunguko wako unaanza upya kila unapokata. Dawa yake ni Adjustment Clip, ile klipu tupu unayoichukua kwenye maktaba ya athari na kuitandaza juu ya kiitikio chote. Vifremu weka kwenye hiyo. Kinachopita chini yake kinafuata rangi ya juu, ukate utakavyo.

Ukurasa wa Fusion ni dunia nyingine. Hapa hakuna taimlaini ya kawaida, kuna nodi, visanduku vilivyoungwa kwa nyaya: picha inaingia kushoto, inatoka kulia, na katikati unachomeka unachotaka. Ukichomeka kile kiitwacho ColorCorrector unakuta tena Hue, ila hapa haianzii 50. Inaanzia sifuri, na duara zima ni 1. Robo ya duara ni 0.25. Programu moja, kitu kimoja, vipimo viwili tofauti, na hakuna popote utakapopewa taarifa.

Lakini hapa ndipo niliposamehe yote. Ukibofya kulia kwenye Hue na kuchagua Expression, unaweza kuandika hesabu badala ya kuweka vifremu. Andika (time%100)/100 na basi. Neno time ni namba ya fremu, na %100 inairudisha hesabu sifuri kila ikifika 100, kwa hiyo rangi inakamilisha duara kila fremu 100, yaani sekunde nne kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, kisha inaanza tena bila mshono mpaka klipu iishe. Hakuna almasi hata moja. Ukitaka polepole, weka 250 pande zote mbili.

Kwa singeli hesabu hii ni ya lazima, na nitaeleza kwa nini. Chukua wimbo wa mapigo 240 kwa dakika, kasi ya kawaida kabisa kwetu. Hayo ni mapigo manne kwa sekunde. Kwenye video ya fremu 25, kila pigo linachukua fremu 6.25. Hakuna robo ya fremu. Ukiweka vifremu kwa mkono kila baada ya fremu sita, baada ya mapigo manne umeshateleza fremu moja, na kufikia kiitikio cha pili rangi inageuka mahali ambapo ngoma haipo. Mteja hatakuambia "umeteleza". Atakuambia "dada, haichangamki." Mapigo manne lakini yanakwenda fremu 25 kamili. Kwa hiyo ninaandika (floor(time/25)%6)/6, ambamo floor inakata desimali ibaki namba nzima, na napata rangi sita, kila moja sekunde moja, ikigeuka juu ya pigo la kwanza la kila manne. Ikigeuka mapema au ikichelewa, naongeza fremu ndani ya mabano, floor((time+3)/25), mpaka ikae. Kama video ni ya simu ya fremu 30, tumia 30. Na hiyo idadi ya fremu ipange kwenye mradi kabla hujaingiza klipu hata moja, kwa sababu ukishaingiza inafungwa.

Kuna kijana mmoja, Simba damu damu, alikuja na video ameshuti akiwa na jezi nyekundu na anataka itembee. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unajua nyekundu ikizunguka duara zima inapita wapi?" Inapita njano na kijani. Yaani kwa sekunde kadhaa katika kila mzunguko angekuwa Mwananchi. Alinyamaza kwanza. Tukakubaliana rangi iyumbe tu, ikitoka nyekundu iende mpaka karibu na zambarau na irudi, isivuke. Kwenye Fusion hiyo ni (sin(time/20)/2+0.5)*0.15. Ile sin inapanda na kushuka yenyewe, mzunguko mmoja ni kama fremu 126, sekunde tano hivi, na 0.15 mwishoni ndiyo kamba inayoizuia isifike mbali. Ikienda upande usioutaka, weka alama ya kutoa mbele ya mabano. Kusema kweli, kuyumba namna hii ni kuzuri zaidi kuliko duara zima, hata kwa wasio na timu.

Sasa tatizo. Zile hesabu ziko Fusion. Ule uchaguzi mzuri wa Qualifier na ufuatiliaji wake viko Color. Na Resolve inapitisha picha Fusion kwanza, ndipo Color. Huwezi kuchukua uchaguzi wa kijora kutoka Color ukaurudisha nyuma uiongoze hesabu ya Fusion. Ndani ya Fusion kuna nodi za kuchagua rangi, zipo na zinafanya kazi, ila zimetengenezwa kwa ajili ya kufuta kitambaa cha kijani, na kuzifikisha mahali pa kutenganisha njano na mkono wa mtu inabidi ukae. Mimi nimegawa hivi: kitu kimoja kikibadilika ndani ya shoti chache, nakwenda Color na vifremu vya mkono, rangi ikifuata ngoma, au picha nzima ikizunguka, Fusion. Kwenye kiitikio cha vumbi na moshi, picha nzima ikizunguka haimuudhi mtu.

Onyo moja, na hili sitaki utani. Msikubali oda ya rangi kugeuka kila pigo. Rangi ikigeuka na kurudi kwa kila pigo, mapigo manne kwa sekunde ni mimeko minne, na miongozo ya kimataifa ya wavuti inataka isizidi mitatu kwa sekunde kwa ajili ya watu wenye kifafa cha mwanga. Nyekundu iliyokolea ndiyo mbaya zaidi. Desemba 1997 huko Japani katuni ya televisheni ilirusha mimeko ya nyekundu na bluu, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Mwambie mteja mara moja kwa sekunde inatosha. Ngoma yenyewe itajaza kilichobaki.

Kuhusu mashine. Ukurasa wa Color unakwenda vizuri kwenye laptop yangu kwa video ya HD. Fusion ni mzito. Kadi ya GB 4 inashiba mapema, na kwa 4K usijaribu. Punguza ubora wa kutazamia uwe nusu au robo, washa kumbukumbu ya muda ya programu, nenda kapike. Faili la kupakua linazidi GB 2, kwa hiyo subiri bando la usiku. Wanaotumia Linux wajue kwamba toleo la bure huko halifungui H.264, na hiyo ndiyo aina ya faili ya simu nyingi, kwa hiyo lazima mgeuze faili kwanza. Na popote mlipo, msipokee klipu kwa WhatsApp. Video ya kawaida ya simu tayari imeshapunguza rangi: sampuli moja kwa kila pikseli nne, yaani picha ya 1920 kwa 1080 ina rangi za 960 kwa 540. Kingo za kijora tayari zina meno. Ikipita WhatsApp, Qualifier inachagua vigae. Leteni kwa flashi.

Wapo wataoniuliza kwa nini nisitumie CapCut. Natumia, kwa status za wateja. Athari zake ziko tayari, unagusa unamaliza, na ndiyo maana video za mtaa mzima zinafanana. After Effects ina uwezo wote huu na zaidi, na hesabu zake ni nzuri, ila Adobe wanataka malipo ya kila mwezi, na zile za flashi za Kariakoo zinakuja na wageni wao ndani. Kdenlive ni ya bure na nyepesi, nampendekezea mwenye RAM GB 8, lakini kwa kuchagua ngozi na nguo haiikaribii Resolve.

Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295, unalipa mara moja na huombwi tena. Linaongeza kuondoa chenga za video ya usiku, na kifaa cha kumchagua mtu mzima bila kuchora dirisha, ambacho kwa kazi ya vijora kingeniokolea muda. Toleo la bure nalo linatoa hadi 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde, bila nembo juu ya video, kwa hiyo hakuna mteja wa Temeke atakayejua tofauti. Hiyo pesa ni kati ya laki saba na nane. Kama unayo leo na kazi yako ni rangi za kutembea, nunua SSD na UPS kwanza, umeme wa Tandika unaujua.